Kubuku gari la kukupokea uwanja wa ndege Istanbul: kisanduku kimoja cha fomu ndicho cha kukiangalia

Wadau wangu, karibuni. Leo mezani hakuna simu wala spika. Leo nachambua kitu ambacho kila anayefuata mzigo Uturuki ananiuliza: lile gari binafsi unalibuku mtandaoni ukiwa bado Dar, ukitoka nje ya uwanja wa ndege Istanbul unamkuta dereva kashika bango lenye jina lako, anakupeleka mpaka hotelini Laleli, ule mtaa wa maduka ya jumla. Linafaa, au ni kuchoma hela ya mtaji?

Kwa wengi wenu linafaa, tena sana. Na gari lenyewe silizungumzii, mnalijua. Mercedes Vito nyeusi, viti vya ngozi vinavyotazamana, maji ya chupa, mahali pa kuchaji simu. Picha zake zimejaa kwenye status za dada zetu wa Kariakoo. Tusonge.

Kilichonifanya niwashe kamera ni kisanduku kimoja kwenye fomu ya kubuku. Kimoja tu, cha namba ya ndege! Watu wanakiruka, wanaandika sifuri sifuri, wengine wanaandika jina la shirika la ndege basi. Naomba leo tukae hapo taratibu, maana hicho ndicho kinachoamua kama utapokelewa au utasimama mwenyewe na begi lako unatafuta bando.

Nasogeza simu karibu na kamera. Mnaona vizuri? Sawa.

Juu kabisa panaulizwa unatokea wapi. Ukiandika Istanbul vinakuja viwanja viwili. Huu wa kwanza ni IST, uwanja mkubwa mpya, upo upande wa Ulaya, kaskazini kabisa karibu na Bahari Nyeusi. Ndio uliochukua safari za abiria kutoka uwanja wa zamani wa Atatürk, Aprili 2019. Huu wa pili ni SAW, Sabiha Gökçen, upo upande wa Asia, ng'ambo ya mlango wa bahari. Ukiruka na Turkish Airlines kutoka Dar, unatua IST. Lakini wewe uliyekata tiketi ya kupitia Dubai, tafadhali fungua tiketi yako usome herufi tatu za mwisho wa safari. Flydubai na Pegasus wana safari zinazotua SAW. Dereva akikusubiri IST na wewe umetua SAW, hakuna cha kusema "njoo mara moja". Ni jiji zima linawatenganisha, na foleni ya Istanbul si ya mchezo.

Haya, tunashuka. Tarehe, saa, halafu hiki hapa: namba ya ndege. Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Namba ya ndege ni zile herufi mbili na tarakimu zinazofuata. Kwa Turkish ni TK na tarakimu zake. Ziandike kama zilivyo kwenye tiketi, usiongeze wala usipunguze. Na kama unabadilisha ndege njiani, namba inayotakiwa ni ya ndege ya mwisho, ile itakayokushusha Istanbul. Umetoka Dar ukabadilisha Dubai au Doha? Ya Dar haimsaidii dereva chochote. Ukiijaza hiyo, mfumo wao unaona ndege yako imeshatua tangu jana, na wewe bado uko angani.

Sasa kwa nini naipigia kelele hivi? Kwa sababu ukishaijaza sawasawa, kampuni inaifuatilia ndege yenyewe. Imechelewa kuondoka Dar, wanaona. Imewahi, wanaona. Dereva anatumwa kwa muda ambao ndege inatua kweli, na ule muda uliokadiria wewe jana usiku ukiwa unafunga mabegi unakuwa hauna kazi tena. Kwa Mtanzania hapa pana faida nyingine. Fomu hizi zinataka saa ishirini na nne, na sisi tunahesabu saa zetu kuanzia alfajiri. Mtu anasikia ndege inatua saa nne asubuhi, anaandika 04:00. Saa nne asubuhi ni 10:00, jamani! Habari njema ni kwamba saa ya Uturuki na ya Tanzania ni ile ile mwaka mzima, tangu wenzetu walipoacha kurudisha saa nyuma majira ya baridi mwaka 2016, kwa hiyo huhitaji kujumlisha wala kutoa. Badilisha tu ya Kiswahili kwenda ya tarakimu. Na ukiruka usiku uliovuka saa sita, angalia tarehe mara mbili, kwa sababu usiku huo huo unaouita wa Jumatatu, kwenye tiketi umeshakuwa Jumanne.

Naomba tushuke zaidi, kwenye masharti. Najua hakuna anayesoma. Leo tunasoma wote. Tafuteni sehemu inayoeleza muda wa kusubiri wa bure. Wengi wanatoa dakika 60. Kwenye tangazo inapendeza. Swali ni hili: hizo dakika zinaanza kuhesabiwa lini? Huyu hapa anasema tangu ndege ilipotua. Safi kabisa, huyu tunaenda naye. Nafungua wa pili... huyu anasema tangu saa uliyoandika kwenye fomu. Funga. Usiendelee naye hata kama kapunguza yuro kumi.

Hili linaniudhi kweli na sababu ninayo. Ipo kampuni nimewahi kuitumia, siitaji, ndege ilichelewa, nafika nje dereva ananionyesha karatasi kwamba muda wa bure umekwisha na kuna hela ya nyongeza. Namba ya ndege walikuwa nayo! Waliiomba, wakaiweka, hawakuitazama. Ndiyo maana nawaambia, kisanduku peke yake hakitoshi, lazima kiende pamoja na sharti hilo.

Na dakika 60 si nyingi kama unavyodhani. Jengo la abiria la IST lina ukubwa wa mita za mraba milioni moja na laki nne. Unashuka kwenye ndege unatembea, unatembea, ndipo unafika kwenye foleni ya pasipoti, na kama zimetua ndege kadhaa kwa pamoja, foleni inajikunja kama nyoka. Halafu mabegi. Kwa hiyo ukimaliza pasipoti, kitu cha kwanza mtumie dereva ujumbe wa WhatsApp: nimeshatoka, nasubiri begi. Intaneti ya bure ipo uwanjani lakini inatoka kwa muda tu, na kuna mashine ambapo unaskani pasipoti inakupa namba ya kuingilia. Fanya hivyo kabla hujafika mlango wa kutokea, na kabla hujabanduka tayari uwe umeshaipiga picha namba ya mlango waliokutumia, maana milango ya kutokea ni mingi na yote imejaa mabango ya majina.

Kuna swali linajirudia sana kwenye jumbe zenu: "Wananiomba namba ya pasipoti, hawa si matapeli?" Hapana, tulieni. Uturuki magari ya kubeba watalii na wageni yanatakiwa kuandikisha abiria kwenye mfumo wa serikali wa usafirishaji kabla safari haijaanza, jina na namba ya kitambulisho au pasipoti. Polisi akisimamisha gari anaangalia. Anayekubeba bila kuuliza chochote ndiye wa kumtilia shaka. Na kampuni inayouza safari hizi ikiwa ni wakala wa utalii inatakiwa iwe chini ya TÜRSAB, chama chao cha mawakala. Shukeni chini kabisa ya ukurasa, tafuteni nembo hiyo na namba ya leseni. Ikiwepo, unaweza kuihakiki.

Bei. Najua mmesubiri. Bei inahesabiwa kwa gari, haihesabiwi kwa kichwa, na wengi hawaelewi hapo ndipo uhondo ulipo. Kwa Vito kutoka IST mpaka Laleli, mara nyingi utakutana na bei kati ya yuro 35 na 60. Mkiwa dada wanne mmekata ndege moja, gawanyeni wenyewe. Kwa nini yuro wakati Waturuki wana lira yao? Kwa sababu lira imeporomoka vibaya miaka hii. Oktoba 2022 mfumuko wa bei wao ulipita asilimia 85 kwa takwimu za serikali yenyewe. Mfanyabiashara gani atakuandikia bei ya mwezi ujao kwa lira? Mnaelewa hiyo habari, nyie mnaobadilisha dola Kariakoo kila wiki. Ukichagua kulipa taslimu kwa dereva, beba yuro ndogo ndogo. Ukimpa noti ya mia, chenji itakuja kwa lira kwa kiwango anachokitaka yeye.

Sasa nawatendea haki wapinzani. Kuna treni ya chini ya ardhi, M11, ilianza kufanya kazi Januari 2023 na mwaka uliofuata, Januari 2024, ikafika Gayrettepe. Ni kama nusu saa tu kutoka uwanjani. Gayrettepe unabadilisha unaingia M2, unashuka Vezneciler, Laleli iko hapo, unatembea kwa miguu. Nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na Vito. Kuna mabasi ya Havaist pia, lipo linalokwenda Aksaray, jirani kabisa na Laleli, begi linakaa chini kama mabasi yetu ya mikoani. Na kuna teksi: za njano, za bluu ya zumaridi na nyeusi. Njano ndiyo nafuu, nyeusi ndiyo ghali, zote zinatumia mita, na ushuru wa barabara ya kulipia unaongezwa juu.

Nikisema kweli, wadau, kila nikiieleza hii M11 naona alama niliyotaka kulipatia gari binafsi inashuka. Ukiwa kijana mwenyewe, unakwenda kununua, begi lako ndani lina begi jingine tupu, unatua mchana, hotelini umeshawahi kulala... panda treni. Kwa nini utoe yuro 40 wakati hiyo ni jinzi kadhaa za jumla? Siwezi kukwambia ubuku Vito ili upige picha.

Ila mama mtu mzima anayekwenda mara ya kwanza, hajui Kituruki, Kiingereza cha kuokoteza, anatua na wenzake watatu kila mmoja na begi? Huyo simwachi kwenye ngazi za Gayrettepe. Na safari ya kurudi ndiyo usiniambie. Mabegi yamevimba, yale ambayo hukutaka yaende na kargo kwa sababu mteja anayataka Jumamosi. Hapo Vito inajilipa yenyewe. Buku ya kurudi mapema, na hesabu ya muda waulize wao, usipange kwa macho ukidhani jioni barabara ni nyeupe. Angalieni pia sharti la kughairi, wengi wanakubali bila kukata hela mpaka saa 24 kabla.

Jambo moja kuhusu kushushwa. Mitaa ya ndani ya Laleli ni myembamba, malori ya mizigo yanashusha na kupakia, mikokoteni inapita. Dereva anaweza kukuambia tushukie barabara kubwa, Ordu Caddesi, tumalizie kwa miguu. Hajakudanganya, gari haipiti kweli. Lakini kama una mabegi, mwandikie tangu mwanzo kwenye sehemu ya maelezo, hoteli nayo uipigie itume kijana wa kupokea. Na siyo kila mtu anakwenda Laleli, jamani. Wenye nguo zao Merter, au gauni za Osmanbey, jazeni anwani halisi ya hoteli, maana mitaa hiyo imepishana mbali na bei inaweza kubadilika.

Hakuna kampuni iliyonilipa kwa video hii, wala kiungo cha punguzo sijaweka hapo chini. Wakija kunilipa mtaambiwa mwanzoni kabisa mwa video. Live yetu ya maswali ya kargo imehama, sasa ni Jumatano usiku, kwa sababu Alhamisi wengi mlikuwa mnafunga hesabu za duka. Mtakaokuja njooni na swali la kilo, tutafungua mahesabu pale pale.

Alama yangu? Kwa kundi la watu watatu na kuendelea, tisa kwa kumi, mradi muda wa bure uhesabiwe tangu ndege kutua. Kwa mtu mmoja mwenye begi dogo, sita. Moja iliyobaki kufika kumi nimeinyima kwa sababu hakuna hata mmoja niliyemfungua leo ambaye sharti hilo ameliweka juu, karibu na bei. Wote wamelificha chini kwa maandishi madogo.

Wanaokwenda Guangzhou, nimesikia kelele zenu. Fomu ya uwanja wa Baiyun ndiyo inayofuata, na kule bango la jina lina mambo yake. Mwenye tiketi tayari aniandikie anaruka na shirika gani na anabadilishia ndege wapi, nianze na njia yenu hiyo.