Vijiaskari vya glosi na vya mati: nimeviweka kabati moja, haya ndo maoni yangu

Swali ni moja, ununue vijiaskari vya mapambo vya rangi gani. Naanza na jibu kabisa maana najua wengi mnasoma mistari ya juu tu alafu mnaenda kuagiza: unakusanya gwaride? chukua glosi (rangi inayong'aa). Unapanga vita, watu wanapiga magoti, wengine wameanguka, moshi na matope? chukua mati (rangi isiyong'aa). Na hizo mbili usizipange rafu moja, zinauana.

Haya, sasa kwa wenye muda. Nilionao mezani ni grenadia (askari wateule wa miguu) wa Kifaransa wa zama za Napoleon kutoka First Legion, rangi ya mati, kipimo cha 1:30 yaani mdogo mara 30 kuliko mtu wa kweli, pembeni yake King & Country wa kipimo hichohicho, na mbele yao wapanda farasi wa Life Guards (kikosi cha walinzi wa ufalme wa Uingereza) wa Britains wa zamani, wale wa madini ya risasi wenye ule mng'ao wao wa enameli, rangi ngumu ya kung'aa. Makampuni matatu, tabia tatu tofauti kabisa za kupaka rangi.

Yule wa First Legion ukimshika unanyamaza kwanza. Koti la bluu halina bluu moja, kuna bluu nzito kwenye mikunjo, ya kati, alafu nyepesi pale juu ya bega ambapo mwanga ungepiga, mikanda myeupe imezungushiwa kivuli chembamba ili isimezwe na koti, na uso ndo kabisaa, una mashavu, una uchovu, una kivuli chini ya kofia ya manyoya ya dubu. Hii staili haikuanzia viwandani jamani. Ilianza kwa watu waliokuwa wanapaka mmoja mmoja kwa ajili ya mashindano, wakina François Verlinden wa Ubelgiji na ile mbinu ya rangi ya majimaji inayotuama kwenye mikunjo kisha brashi kavu juu ya kingo, baadae wapakaji wa Hispania na mwanga wao unaotoka juu moja kwa moja, na rangi za akriliki kama za Vallejo zikarahisisha sana kupaka tabaka jembamba juu ya tabaka bila kungoja siku nzima kama kwenye rangi za mafuta. Makampuni ya vijiaskari vilivyokwisha kupakwa yakaja kufuata nyuma, na leo unanunua kwenye boksi kitu ambacho zamani ungekiona kwenye meza ya mashindano tu.

Ila kuna jambo watu hawalisemi na mi naona ndo kubwa kuliko yote. Kijiaskari cha namna hii kimekuja na mwanga wake, umeshapakwa, unatoka juu. Sasa wewe kabati lako taa iko chini au ubavuni, matokeo yake kivuli cha kupakwa kinasema jua liko utosini na kivuli cha kweli kinasema jua liko miguuni, uso unakuwa mchafu mchafu hivi, haueleweki. Nimehamisha taa ikaja juu kwa mbele na wale wale grenadia wakawa watu wengine kabisa. Glosi haina shida hiyo, yenyewe inapokea mwanga wowote uliopo, uweke wapi taa itang'aa tu.

Alafu fikiria hesabu hii. Kipimo 1:30, ukimtazama kutoka nusu mita ni sawa na kumtazama mtu mzima aliye mita 15 mbele yako. Kwa mita 15 mboni ya jicho huioni! Unaona kofia, koti, suruali, na namna alivyosimama. Wale wa Britains walijua hilo: jicho ni nukta, shavu ni doa la waridi, koti jekundu ni jekundu. Ni kweli walipakwa hivyo ili kazi iende haraka, kina mama wa London wakipaka kwa mkono maelfu kwa maelfu tangu William Britain Jr. alipoanza kumimina askari wenye uwazi ndani mwaka 1893, na enameli ilitakiwa ivumilie mikono ya watoto. Lakini ukisimama mlangoni ukaangalia rafu, Life Guards ndo wanaokuita kwanza, wale grenadia wazuri wanakuwa kundi la bluu iliyokoza tu mpaka usogee. Mati ya siku hizi kwa maoni yangu inapakwa kwa ajili ya kamera, picha ya karibu, na kwenye picha hakuna kinachoishinda.

King & Country wako katikati na ndo maana wengi wanawapenda. Kivuli kipo ila cha wastani, rangi inasomeka kwa mbali, na ile seti yao ya mitaa ya Hong Kong ya zamani ilitoka kwa glosi na kwa mati pia, ukiweka pamoja unaona vizuri kabisa kwamba vanishi peke yake inabadilisha mtu.

Kuhusu kudumu: mati inashika mafuta ya vidole, pale unaposhika mara kwa mara panaanza kung'aa kama goti la suruali iliyochakaa, kwahiyo shika kile kitako anachosimamia tu, siku zote. Wa risasi msiwaweke kwenye kabati la mbao za mwaloni, mvuke wa tindikali unawala wanageuka unga wa kijivu. Britains waliacha risasi mwaka 1966 kwahiyo waliobaki ndo haohao, na tafadhali nawaomba msiwapake upya eti wamechubuka, thamani inashuka papo hapo na ile enameli ya asili hairudi. Ukinunua mzee wa namna hiyo angalia kama rangi imepita juu ya mchubuko, ikiwa imepita basi kuna mtu kashapitisha brashi, mwombe muuzaji aseme ukweli kabla hujalipa.

Kwa anayeanza na mati: agiza mmoja kwanza, wa miguu, aliyesimama wima, umweke chini ya taa yako mwenyewe usiku umtazame kutoka kwenye kiti unachokaliaga, akikupendeza hapo ndo uagize kikosi.