TAHADHARI: Fundi laptop wa pale Makoroboi, Mwanza, kama mashine yako iko kwake kaichukue leo

Sio kesho, leo. Acha unachofanya, panda daladala kaichukue hata kama imefunguliwa nusu. Jina la duka siweki hapa maana nimeshaambiwa ile sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 inaweza kunigeukia mimi niliyeibiwa, ila njoo inbox nakupa mpaka rangi ya mlango wake, mshenzi yule.

Laptop yangu ni HP, ndiyo ninayofanyia kazi kwenye steshenari yangu. Umeme ulikatika Buzuruga yote, nikaendelea na betri mpaka ikakata, chaja nimeiacha ukutani, umeme kurudi ukaja kwa kishindo, taa ya dukani ikapasuka. Toka hapo mashine kimya. Unabonyeza pawa hakuna kitu, feni haizunguki, hata ile taa ndogo pembeni ya tundu la chaja haiwaki. Na ndani kuna tafiti za wanachuo wa Malimbe wanataka kuprinti na kubaindi, simu zinaita mpaka naogopa kupokea.

Naingia pale kwake, kanisalimia vizuri, "mwangaluka mayu" (salamu ya Kisukuma, mayu ni mama), kanipa stuli, kafuta meza kwanza ndio kaweka laptop. Kafungua mbele yangu. Skrubu kazipanga kwenye kisumaku moja moja vile zilivyotoka, nikasema moyoni huyu ndio fundi. Akachukua mita ya kupimia umeme, akaiweka kwenye ule mlio unaolia ncha mbili zikiungana, ncha nyekundu kagusa hapa, nyeusi kagusa pale, tiiiiii. "Umesikia mayu? Bodi imeshoti." Yaani ile sahani kuu ya ndani, umeme umejichanganya. Akahamisha, tiiiiii. "Na huku pia." Halafu akapaka kitu kama mafuta ya mgando, akawasha bloa la hewa ya moto akapuliza, moshi ukapanda, harufu ikajaa duka zima. Akatikisa kichwa kwa huzuni kabisa, "IC ya pawa imeungua hii," yaani chipu inayogawa umeme. Sasa mtu umesikia mlio kwa masikio yako, umeona moshi kwa macho yako, unabisha na nini?

Na kabla hamjaanza ooh dada ulimwaminije, nilielekezwa na mtu wa kwaya ambaye wote mnamheshimu. Leseni iko ukutani kwenye fremu, TIN iko ukutani, wateja wamekaa wanasubiri (siku hizi nawaza wale wateja nao walikuwa watu wake). Na hakuonyesha tamaa hata chembe. Akaniambia bodi mpya ni laki nne na nusu, usinunue mayu utaumia, ninayo ya mtumba ya Dubai nakufungia kwa laki mbili na themanini kazi na kila kitu. Mwizi gani anakushushia bei kabla hujaomba? Nikatoa advansi laki na nusu kwa simu palepale.

Kilichofuata ni njoo kesho, bodi iko kwenye basi, basi limeharibika, mzigo umelala Shinyanga. Siku ya kuchukua mashine inawaka kweli, nikashangilia, kuangalia Windows mpya, desktopu tupu. Data je? "Data zilikuwa kwenye bodi iliyoungua mayu, zimekwenda nayo." Hapohapo akaniuzia na chaja elfu arobaini, akaniambia ile ya zamani usiichomeke tena itaua bodi mpya. Nikamalizia hela yake, nikashukuru, nikamwachia na ya soda. Ya soda jamani!

Nyumbani mashine nzito, kufungua Word unaweza kwenda kuteka maji ukarudi. Mdogo wangu akaibeba mpaka Nyegezi kwa kijana mmoja ana kimeza tu karibu na stendi, hana fremu wala leseni ukutani. Kaiwasha, kaingia kwenye BIOS (ile menyu ya mashine kabla ya Windows), RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 4. Yangu ilikuwa 8. SSD, ile diski ya kasi inayotunza data, hakuna, imewekwa diski kuukuu ile ya kuzunguka. Akageuza mashine chini akasoma namba ya kwenye stika, akalinganisha na iliyo kwenye BIOS, ni ileile. Bodi haijabadilishwa, maana ya mtumba huwa inakuja na namba ya mashine ilikotoka, labda mtu akae aiandike upya. Kufungua, pembeni ya feni vumbi letu la Buzuruga limelala palepale, hakuna aliyelisumbua. Na data haziwi kwenye bodi, zilikuwa kwenye SSD, na SSD anayo yule fundi wa Makoroboi.

Kijana akaniomba ile chaja ya zamani, akaipima. Sifuri. Ile mpya volti 19 na ushee. Yaani mashine yangu ilikuwa nzima! Chaja ndiyo iliyokufa na ule umeme, betri ilishaisha, basi. Nilihitaji chaja ya elfu arobaini nikarudi zangu nyumbani.

Nikamuuliza na ule mlio? Kijana kachukua laptop yake mwenyewe anayofanyia kazi, kaizima, kafungua, kagusa matundu mawili ya skrubu kwenye bodi, tiiiiii. "Na hii imeshoti?" Matundu ya skrubu yote yanaungana na erthi, lazima yalie hata mashine ikiwa imetoka kiwandani asubuhi. Moshi nao ni flaksi tu, ile wanayopaka wakati wa kulehemu, ukiipasha lazima ifuke. Nilikaa pale kwenye benchi nikakosa cha kusema.

Nimemrudia yule wa Makoroboi. Anauliza risiti iko wapi. Aliniandikia kwenye kipande cha boksi la chaja! Akacheka mbele ya vijana wake, eti mayu umechanganya mafundi. Huyu mtu afungwe. Sio faini, afungwe, leseni ile itolewe kwenye fremu ichanwe mbele ya wateja, na kila aliyemwachia mashine apewe ruhusa ya kuingia mle dukani achukue chake. RB ya polisi nimeshakata na sirudi nyuma, watoto wa watu wanashindwa kumaliza chuo kwa ajili ya mtu mmoja.

Dalili zilikuwepo, ila nani anaziona akiwa na shida, hela ilienda kwenye jina la mwanamke nisiyemjua, bodi ya zamani nilipoidai akasema keshaitupa, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakutoa, na chaja hakuigusa hata mara moja. Kufungua laptop isiyowaka bila kupima chaja ni sawa na daktari kumpasua mtu ambaye hajala. Azima chaja ya jirani ya aina hiyohiyo kwanza, ukiona lazima iende kwa fundi piga picha RAM na SSD zako na namba zake, au chomoa SSD ubaki nayo, bodi inapimwa bila hiyo. Halafu fundi huyo anaingia kanisani Jumapili anakaa mbele!

Jumatatu asubuhi nipo kituo cha kati cha polisi, mwenye kisa naye aje na chochote alichonacho. Na wewe uliyeuziwa SSD ya GB 256 hapa mjini, ukikuta kuna folda imeandikwa TAFITI MALIMBE usiifute, usiformat, nitafute nainunua kwa bei uliyonunulia wewe na sitakuuliza kitu.