Nissan Leaf ya umeme iliyotumika au Toyota IST ya petroli: ipi ya kukaa nayo Mtwara?

Gari lililotumika kutoka Japani mara nyingi linafika bandarini dhamana ikiwa imeshakwisha, kwa hiyo kila hitilafu inatoka mfukoni mwako.

IST haina mengi. Oili, plagi, filta, bushi. Vipuri vipo, na fundi wa kuifungua utampata hata Masasi. Injini ikifa, unatafuta iliyotumika, unafunga, maisha yanaendelea.

Leaf ndiyo ya kuichunguza. Haina oili ya injini, plagi wala ekzosi, na pedi za breki zinadumu kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Gharama zote zinakusanyika hapo kwenye betri. Haipozwi kwa maji, na joto ndilo linaloizeesha. Sasa fikiria gari limeanikwa juani mchana kutwa pale Shangani! Kabla hujalipa, omba picha ya dashibodi. Pembeni ya mita ya chaji kuna vipande vidogo 12. Kimoja kikipotea, uwezo wa betri kushika chaji umeshapungua takriban asilimia 15. Vikibaki 8 kwenye Leaf za mwanzo, safari ya Lindi, kilomita 100 na ushee, usiijaribu kwa chaji moja.

Betri hizo za mwanzo zina moduli 48, hivyo chache mbovu zinaweza kubadilishwa bila kununua betri nzima. Ila ni umeme wa volti zaidi ya 300, si kazi ya kila gereji.

Kwa mizunguko ya mjini, ukiwa na fundi wa umeme unayemwamini, mimi nachukua Leaf. Anayepanda Newala kila wiki kufuata korosho, achukue IST.