Saksofoni imekubali, nyatiti bado: miezi saba na kinanda changu Kisumu

Kilichonifanya niuze kinanda changu cha zamani ni sauti yake ya tarumbeta. Ilikuwa inalia kama honi ya bodaboda, na kwenye harusi moja huko Ahero watoto waliangua kicheko nikiwa katikati ya wimbo. Sasa ni mwezi wa saba napiga Yamaha PSR-SX700, funguo 61, niliyoipata mkono wa pili.

Wiki ya kwanza saksofoni yake haikunishangaza hata kidogo. Kumbe nilikuwa naipiga kama piano: chodi za vidole vitatu, na kila noti naikata kabla ya kushika nyingine. Nani amewahi kuona saksofoni ikitoa chodi? Sauti ambazo Yamaha huziita Super Articulation hufuata namna unavyobonyeza. Ukishikilia noti ya kwanza, ukagusa ya pili kabla hujaachia, mlio unahama bila kuanza upya, kama mtu ambaye bado hajakata pumzi. Nilipoanza kupiga noti mojamoja, na kunyamaza pale ambapo mpulizaji angevuta hewa, mwalimu wa kwaya yetu ya Kondele aligeuka kutazama ni nani amekuja na saksofoni.

Gitaa nalo lina akili hiyohiyo. Noti ya pili ukiiunganisha na ya kwanza, inatoka kama kidole cha kushoto kimeugonga uzi tu, haikucharazwa upya. Kwa benga, ambayo gitaa lake halipumziki, hapo ndipo pesa yangu ilirudi.

Piano ilinitesa mwezi mzima. Kwenye hedifoni nyumbani ilikuwa tamu, kanisani ikawa debe tupu. Nikalaumu spika, nikamlaumu fundi mitambo (samahani, ndugu yangu), mpaka nikaona nimechomeka waya mmoja tu. Sauti ya piano ina upande wa kushoto na wa kulia. Ukizisonga pande zote mbili katika waya mmoja, mawimbi mengine yanauana. Nikanunua waya wa pili, yakaisha.

Fidla ya peke yake ndiyo siipigi mbele ya watu, na sidhani kuna kinanda cha funguo kitakachonibadilisha mawazo hivi karibuni. Jirani yetu Nyalenda, mzee anayepiga orutu (fidla ya Waluo ya uzi mmoja) na nyatiti (kinubi cha Waluo), aliisikiliza akaniuliza, "Mjukuu wangu, uta uko wapi?" Hapo hapo. Ufunguo ukishabonyezwa, kazi ya kidole karibu imekwisha, ilhali mkono wa mpiga orutu unabadilisha mlio kila inchi ya uta.

Nyatiti sikuipata humo, na ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, siku hizi unapigwa kwa kinanda zaidi. Lakini SX700 hupokea sauti mpya unazozitengeneza kwenye kompyuta kwa programu ya Yamaha Expansion Manager, basi nimeanza kumrekodi mzee: kila uzi mara mbili, taratibu na kwa nguvu, na ile pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu kando, kwa sababu hiyo ni ngoma yake mwenyewe. Kati ya nyuzi nane nimeshapata sita.

"Hizo mbili zimelegea, babu?" nilimuuliza.

"Zimelala. Njoo Jumanne."

Jumanne nilikuwa matangani Seme.