Betri haikunifikisha: uzoefu wangu na Toyota Aqua ya haibridi kati ya Kilwa na Lindi

Nimekuwa na Toyota Aqua ya mwaka 2013 kwa miezi kumi sasa. Ni gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme inayotumia betri kubwa. Ninaishi Lindi mjini, kazi hunipeleka Mtwara mara mbili kwa mwezi, na kila nipatapo nafasi huenda Kilwa Masoko kumwona mama. Ninaandika kwa sababu ya maneno niliyoambiwa na yadi iliyoniuzia gari hili jijini Dar es Salaam kuhusu mafuta na betri, maneno ambayo niliyaamini, na ambayo yalituacha barabarani usiku, mimi na mama yangu mwenye umri wa miaka sabini na mmoja.

Na gari lenyewe sina ugomvi. Ni dogo, linapita vizuri katika mitaa ya mjini, halina kelele, na injini yake ya lita moja na nusu haijawahi kunisumbua. Ugomvi wangu ni na ushauri.

Siku niliyokabidhiwa funguo, muuzaji alinihakikishia kwamba lita moja ya petroli inakwenda kilomita 35, na kwamba nikijaza tenki Dar es Salaam ninaweza kufika Mtwara na kurudi bila kuongeza hata tone. Kisha akapigapiga kiti cha nyuma, ambacho betri kubwa iko chini yake, akasema: "Hata mafuta yakikata, bosi wangu, una betri. Betri itakufikisha." Kitabu cha maelekezo kilichokuja na gari kilikuwa kwa Kijapani, na maandishi ya kwenye dashibodi pia ni ya Kijapani, kwa hiyo maneno yake ndiyo yaliyokuwa kitabu changu.

Ile 35 hakuiokota njiani. Aqua ilipotoka Japani mwezi Desemba 2011, kipimo rasmi cha huko kilitaja kilomita 35.4 kwa lita. Lakini hicho ni kipimo cha maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya kupimia, bila kiyoyozi kuhangaika na joto la Pwani, bila abiria na mizigo, na bila milima ya Mbwemkuru. Mtu anayeuza magari kila siku alipaswa kujua tofauti hiyo na kunieleza. Kwa barabara zetu, na kwa mwendo wa kilomita 80 hadi 90 kwa saa, gari langu linakwenda kilomita 22 na ushee kwa lita. Hayo ni matumizi mazuri sana na ninayafurahia. Ila tenki ni la lita 36, na mwenye hesabu ya 35 akikutana na barabara ya 22, atalala njiani.

Nilijaza tenki Dar es Salaam nikaja Lindi, safari ya zaidi ya kilomita 450. Nikazunguka mjini siku kadhaa, kisha nikaenda Kilwa Masoko kumchukua mama, ambaye alikuwa na kliniki ya macho Lindi siku iliyofuata. Wakati wa kurudi, tulipofika Nangurukuru, pale barabara ya kutoka Kilwa inapoingia barabara kuu, kijiti cha mwisho cha geji ya mafuta kilianza kumetameta. Sheli ilikuwa mbele yangu na ilikuwa wazi. Nilisimama pembeni nikampigia simu muuzaji, nikamweleza mahali nilipo, umbali uliobaki na geji inavyoonyesha. Akanijibu kwamba taa hiyo huwaka mapema ili kumwogopesha dereva, kwamba kwa hesabu ya tenki bado nina mafuta ya kufika Lindi na kubaki nayo, na kwamba yakipungua betri itachukua nafasi.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, hatuweki mafuta?" Nikamjibu kwamba yaliyopo yanatosha. Jibu hilo linaniuma hadi leo.

Magharibi ilitukuta tumeshavuka mto Mbwemkuru. Tulipokuwa tunakaribia Mchinga, kwenye mwinuko mmoja mrefu, injini ilitetemeka mara mbili ikanyamaza. Gari halikusimama. Liliendelea kwenda kwa umeme, kimya kabisa, hata tukasikia wadudu wa porini, na kwa muda mfupi niliona kama muuzaji amesema kweli. Kisha pembetatu nyekundu ikawaka kwenye dashibodi pamoja na mstari wa Kijapani nisioweza kuusoma, mwendo ukashuka hadi kilomita 30 kwa saa hata nilipokanyaga mafuta hadi chini, na vijiti vya betri vikawa vinakatika kimoja baada ya kingine: vitano, vinne, vitatu, viwili. Nilitoka nje ya lami kabla gari halijanisimamia katikati ya barabara ya malori. Tangu injini ilipozimika tulikuwa tumekwenda kilomita moja na mita mia tatu. Tangu nilipojaza tenki, kilomita 811.

Nikampigia tena. Akaniambia nizime na kuwasha, na likigoma nirudie. Nikarudia mara tano. Kila nilipobonyeza kitufe, injini ilizunguka kwa sekunde chache bila kushika. Akaniambia niweke gia ya N (gia huru), nitafute vijana wasukume, litashtuka. Vijana watatu wa bodaboda walikuwa wameshasimama, wakamwamkia mama shikamoo kabla ya kuniuliza mimi lolote, wakasukuma mpaka jasho likawatoka. Halikushtuka. Mmoja wao akaenda Mchinga akarudi na petroli katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaimimina, nikabonyeza. Injini ikazunguka kwa unyonge, na kijiti cha betri kikabaki kimoja.

Hapo ndipo nilipompata shemeji yangu kwenye simu. Yeye ni fundi umeme wa magari hapa Lindi na amefanya kazi na magari ya haibridi kwa miaka kadhaa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeshabonyeza hicho kitufe mara ngapi?" Nilipomwambia, akanyamaza kidogo, kisha akasema nisikiguse tena mpaka aseme yeye.

Alichonieleza usiku ule, na alichoniongezea baadaye gereji, ninakiandika kirefu kwa sababu sikukipata kwa aliyeniuzia gari. Aqua haina stata kama gari la kawaida. Injini huzungushwa na mota inayotumia umeme wa ile betri kubwa, kwa hiyo kila nilipobonyeza kitufe bila mafuta nilikuwa ninakula akiba ya mwisho ya kuwashia injini. Kama akiba hiyo ingeisha kabisa, hata mtu angeniletea pipa zima la petroli injini isingezunguka, na hata kuchukua umeme kwa waya kutoka betri ya gari jingine kusingesaidia, kwa sababu waya hizo huamsha betri ndogo ya volti 12 tu. Betri kubwa ingehitaji chaja yake maalumu, na chaja hiyo haipatikani katika kila gereji. Kusukuma nako ni kazi bure, maana gari likiwa N kompyuta hukata umeme wa mota, na magurudumu hayana njia ya kuivuta injini ikashika. Hata injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa N betri kubwa haichajiwi.

Kuhusu ile "betri itakufikisha", alinifanyia hesabu ambayo sitaisahau. Betri kubwa ya Aqua ni ya volti 144 na ampea-saa 6.5. Ukizidisha unapata wati-saa 936, yaani haifiki hata uniti moja (wati-saa 1,000) ya umeme ile tunayonunua kwa LUKU. Tena kompyuta hairuhusu itumike yote, kwa sababu betri ya aina hii ikishushwa hadi mwisho huharibika, kwa hiyo kinachotumika ni chini ya nusu ya uniti. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti tisa, na injini hii hugeuza takriban theluthi yake kuwa mwendo. Betri nzima, basi, ni sawa na kikombe kidogo cha petroli. Na hicho kikombe nacho kilijazwa na petroli, kwa kuwa gari hili halina pa kuchomeka waya wa umeme. Umeme wote uliomo umetoka kwenye injini, au umerudishwa wakati wa kushika breki na kuteremka mlima, na ule mwendo unaogeuzwa kuwa umeme ulitokana na petroli vilevile. Betri ipo ili injini isifanye kazi ngumu peke yake wakati wa kuondoka na kupanda. Haikuwekwa pale iwe tenki la pili.

Tulifanya alivyoagiza. Tulizima taa, feni na redio. Vijana wakalirudisha gari nyuma taratibu mpaka sehemu tambarare, mimi nikishikilia breki iliyokuwa ngumu kuliko kawaida, kwa sababu, alisema, pua ya gari ikiwa juu mafuta machache hukaa mbali na pampu, na geji inaweza isiyatambue. Wakaenda tena Mchinga. Dumu moja walilopewa lilikuwa linanuka mafuta ya taa, wakalirudisha wenyewe bila kuambiwa, wakaleta petroli katika chupa nne safi. Nilimimina zote, nikaweka P (gia ya kuegesha), nikakanyaga breki, nikabonyeza mara moja. Injini ilizunguka, ikasita, ikashika. Mama alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tutoke Nangurukuru. Tulikaa pale dakika ishirini, gari likiwa P na injini ikiunguruma, tukingoja vijiti vya betri vifike vinne, ndipo tukaondoka. Tuliingia Lindi karibu saa nne usiku.

Vijana wale walikataa nyongeza juu ya bei ya mafuta na nauli yao. Nililazimisha.

Kesho yake niliituma yadi ujumbe mrefu pamoja na picha ya dashibodi. Nilitegemea angalau wakiri kwamba ushauri ule haukuwa sahihi. Jibu lilikuwa kwamba pembetatu nyekundu ni dalili ya betri kubwa kufa, na kwamba wanaweza kuniagizia nyingine kwa shilingi 2,800,000, nusu nilipe mapema. Hawakuuliza hata swali moja. Shemeji alichomeka mashine ya kupimia, akakuta kumbukumbu ya injini kushindwa kuwaka na ya betri kushuka, akazifuta. Kisha akapima betri sehemu moja moja. Zote zilikuwa sawa. Alichokuta kibaya ni tundu la feni ya kupoozea betri, lililo ubavuni mwa kiti cha nyuma, ambalo lilikuwa limeziba kwa vumbi na nywele zilizoshikana kama kitambaa. Huenda lilikuwa hivyo tangu yadini, kwani vumbi lile halikuwa la wiki mbili. Alilisafisha kwa brashi na upepo, na hakunitoza kitu. Tangu siku hiyo imepita miezi tisa, betri ni ileile, na pembetatu haijawaka tena.

Ninachofanya sasa ni rahisi. Geji ikifika nusu ninatafuta sheli, na nikiwa barabara ya Kilwa sipiti Nangurukuru bila kuongeza, hata iwe lita tano. Mbali na hofu ya kuishiwa, pampu ya mafuta ya gari hili imo ndani ya tenki na inapozwa na petroli inayoizunguka, kwa hiyo kuzoea kutembea na tenki tupu kunaifupishia maisha. Sibebi petroli kwenye buti, maana hewa ya petroli ndani ya gari lililofungwa ni hatari, hasa kwa joto letu. Tundu la feni ninalisafisha kila baada ya miezi mitatu. Siku gari likihitaji kukokotwa, nimeshaelewa kwamba magurudumu ya mbele lazima yainuliwe, kwa kuwa yakizunguka yanazungusha mota nayo mota inazalisha umeme. Hilo pia sikuambiwa na yadi.

Kwa anayeuliza kama anunue Aqua kwa ajili ya Lindi na Mtwara, jibu langu ni ndiyo, mradi awe na fundi anayeijua kabla ya kulipa, na aliendeshe gari akiwa na hesabu ya kilomita 20 kwa lita kichwani. Kwa anayeuliza kuhusu yadi ile, mimi sitanunua tena kwao. Kutojua naweza kusamehe. Walinijibu kwa uhakika jambo wasilolijua, mara nne, na mara ya nne walinitaka nilipe milioni mbili na laki nane kubadilisha betri yangu ambayo haikuwa na kosa.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa hapa Lindi alikuja kumwona shemeji akiwa na Aqua aliyoinunua kwa watu walewale. Tulipomwuliza alivyoelezwa kuhusu mafuta, akapigapiga kiti cha nyuma, akasema aliambiwa asiwe na wasiwasi, betri itamfikisha. Shemeji akafungua mlango, akawasha dashibodi. Geji yake ilikuwa na kijiti kimoja, na jioni hiyo alikuwa anakwenda Nachingwea. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka sheli.