Tableti ilikuwa wazi asubuhi na kufungwa jioni, lawama zikamwangukia mwanangu

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kama shule ya mtoto wako hapa Kisumu imeanza kuwatoza wazazi pesa za kufunga tableti saa za masomo, soma hapa kwanza kabla hujatuma.

Huduma yenyewe haina mambo mengi. Unanunua tableti, shule inaipeleka kwa kampuni, wanaweka programu yao, na kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni mtoto anaona vitabu, kikokotoo na masomo ya KICD, taasisi ya serikali inayotunga mitaala, basi. Michezo, YouTube na hata kamera hazifunguki. Saa kumi ikifika, kufuli inaondoka. Ni shilingi 600 kila muhula, nje ya karo. Nililipa bila kunung'unika, kwa sababu mtoto wa Gredi ya 7 hafai kuachiwa intaneti yote katikati ya hesabu. Ufaransa ilipiga marufuku simu katika shule za msingi na za kati tangu 2018, na UNESCO katika ripoti yake ya 2023 ilionya kwamba teknolojia iingie darasani pale tu inapomsaidia mwanafunzi kujifunza. Sisi nasi tuliziona zile tableti za serikali zilizoanza kugawiwa 2016, jinsi nyingi zilivyoishia kabatini. Kufuli inayojifunga na kujifungua kwa saa zake niliona ni afadhali mara mia.

Sasa sikia. Mwanangu alihamia shule hiyo muhula huu. Akirudi nyumbani Mamboleo, tableti haifunguki. Walimu wa siku hizi wanataka mtoto ajirekodi akisimulia, apige picha ya mche alioupanda, atume jioni hiyo hiyo. Mimi niko jikoni na sufuria ya sukuma, yeye ameketi mezani anagusa kamera, na kila akigusa linatokea duara la kijivu lenye picha ya kufuli na maandishi: "Saa za shule. Zingatia masomo." Saa za shule, na nje jua linazama! Ikifika saa moja usiku inafunguka yenyewe kama kwamba hakukuwa na neno.

Huko shuleni mambo yalikuwa kinyume. Vipindi vya kwanza vya asubuhi tableti yake ilikuwa wazi kabisa. Mwalimu akamkuta na mchezo wa mpira, akamnyang'anya, nikaletewa barua kwamba mwanangu "amevunja mfumo wa ulinzi wa shule". Wenzake wakaanza kumwita mdukuzi. Alicheza, ndiyo, na kwa hilo nilimkanya vilivyo. Lakini kucheza mchezo uliokuwa wazi mbele yako na kuvunja kufuli ni makosa mawili tofauti, na hilo la pili hakulitenda. Aliniambia, "Mama, ilifunguka yenyewe," na mimi namjua akidanganya.

Nilimpelekea fundi wa simu pale Oginga Odinga Street. Akaigeuza, akaiwasha, akanirudishia bila kuchukua hata shilingi. "Mama, hii imesajiliwa kama mali ya shule. Hata nikiifuta yote, ikipata intaneti tu programu inarudi palepale." Fundi mtu mzima anashindwa, halafu mtoto wa miaka kumi na miwili ndiye ameifungua na nini?

Basi nikapanda hadi ofisi ya kampuni, mjini. Kijana wa kaunta hakuinua macho kutoka kwa simu yake. Nilimsalimia, akaitikia kwa kichwa. Nikaeleza, akanikatiza: "Madam, watoto wa siku hizi wanatushinda ujanja. Huyo wako ameifungua. Mfumo uko sawa." Nikamwambia simwondokei mpaka anionyeshe hiyo ujanja imefanyikaje. Akasonya, akageuza kompyuta yake upande wangu.

Nikaona mambo mawili, na sijui lipi lilinichoma zaidi.

La kwanza ni saa. Ukutani nyuma yake ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Kwenye kompyuta, mstari wa tableti ya mwanangu uliandikwa 07:20, "sasa hivi". Saa tatu nyuma! Nikamwonyesha kwa kidole. Kumbe tableti zote zilizosajiliwa muhula huu ziliwekwa saa ya Greenwich badala ya saa ya Nairobi, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Kwa hiyo saa mbili yao ya asubuhi ilikuwa saa tano yetu, na saa kumi yao ya jioni ilikuwa saa moja yetu ya usiku. Za mwaka jana zilikuwa sawa, ndiyo maana watoto waliohamia tu ndio walioonekana wakorofi. Yeye ndiye mwenye mfumo, anautazama kila siku, na ni mimi niliyemwonyesha.

La pili ni watoto wa watu. Kwenye skrini hiyo niliona majina kamili ya darasa zima, kila mtoto na alichofungua, na tableti yake iko mtaa gani wakati huo. Wangu, na wa majirani zangu. Hakuniomba hata kitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi kabla taarifa za mtoto hazijashughulikiwa, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Fomu niliyotia sahihi mimi ilitaja saa za kufunga na kufungua. Habari ya kujua mwanangu yuko wapi haikuwemo.

Saa waliirekebisha baadaye. Kimyakimya, kwa ujumbe mmoja: "Mfumo umeboreshwa." Na tangu hapo, niseme haki, inafanya kazi. Saa kumi inafunguka, kazi ya nyumbani inaisha mapema, na mwalimu wa darasa anasema vipindi vya asubuhi vimetulia. Nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu kati ya tano.

Lakini juzi nilikwenda kuchukua ripoti, nikaiona ile barua bado imo ndani ya faili. Hakuna aliyeiandikia shule kwamba kosa lilikuwa la kampuni. Mwanangu bado ni mvunja mfumo kwa karatasi. Hizo tatu nazirudisha, chukueni moja, na ya muhula ujao silipi mpaka barua ya kampuni yenye muhuri ifike kwa mwalimu mkuu na ile ya kwanza itolewe. Kama wewe pia mtoto wako alihamia muhula huu na akaadhibiwa kwa mchezo wa asubuhi, nenda uombe kuona saa ya usajili wake. Tukienda wazazi kadhaa pamoja, yule kijana atainua macho.