Fundi wa kupukuchua mahindi huku Lugari: alikataa kazi yetu, na ndiye ninayempendekeza

Kama una mahindi Lugari, Likuyani au upande wa Turbo na unatafuta mtu wa kukupukuchulia, kuna fundi mmoja mwenye trekta ya Massey Ferguson na mashine ya kupukuchua anayoikokota nyuma yake. Sitamtaja jina kwa sababu sijamwomba ruhusa. Ukiuliza kwa wasagaji unga karibu na Kipkarren utaelekezwa. Nimeona kazi yake kwa macho yangu, nimeipima kwa mizani yetu, na sasa naila kila siku kwenye ugali. Ninampendekeza bila wasiwasi, ingawa kuna mambo mawili matatu ningependa ayarekebishe.

Mimi nimeolewa katika boma hili na ndiye ninayeweka hesabu ya ghala. Shamba ni la familia tangu wazee walipogawiwa ardhi hapa miaka ya 1960, wakati mashamba ya walowezi yalipogeuzwa kuwa skimu za makazi. Msimu huu tulilima ekari tano za H614. Wanaoijua mbegu hii wanajua haina haraka: unapanda Machi au Aprili mvua ikishika, na katika baridi ya huku juu inakaa shambani miezi sita hadi minane. Oktoba tunakata mabua na kuyasimamisha kwa mafungu yakauke. Novemba tunavunja, tunamenya maganda, tunalundika masuke kwenye kibanda, na hapo ndipo shida ya kila mwaka huanza, kwa sababu asubuhi jua linawaka vizuri na ikifika saa tisa wingu linatanda kutoka upande wa Nandi.

Wakati huohuo kila mtu anataka mashine. Mabroka wameshaegesha lori barabarani, wana pesa taslimu mfukoni, na karo ya Januari inajulikana. Mwenye mashine akifika bomani, trekta imeshakula mafuta, vibarua wamesimama na magunia yamefunguliwa, hakuna anayetaka kusikia habari ya kusubiri. Wengi wa wenye mashine wanalijua hilo. Wanashusha mashine, wanapiga, wanahesabu magunia, wanalipwa, wanaenda. Yakioza, yanaozea kwako.

Huyu alipofika kwetu hakuishusha mashine. Alimwamkia mzee, akamsalimu mama mkwe wangu, kisha akaomba aonyeshwe lundo. Kwa juu mahindi yalikuwa yanapendeza, makavu, ukigonganisha masuke mawili yanalia kwa sauti kali. Hakuyagusa hayo. Alipiga goti, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kule chini ambako lundo limeegemea ukuta, akatoa masuke kadhaa. Akavunja moja katikati. Akatoa punje akanionyesha ncha yake, pale inaposhikana na gunzi, akaikwangua kwa ukucha: kile kidoa cheusi kilikuwapo, kwa hiyo mahindi yalikomaa vizuri shambani. Kukomaa si kukauka, akasema. Akapukuchua punje nyingine kwa kidole gumba, akazijaza kwenye kikombe cha kifaa chake cha kupimia unyevu, akakiinua mama aone. Kilisoma asilimia 18.2.

“Mama, ya juu yako tayari, ya chini bado. Nikiyapiga leo yatapondeka, na yakiingia guniani yatashika joto.”

Mama mkwe hakufurahi. “Mwanangu, vibarua hawa tumeshawaita, na watoto wanarudi shule Januari. Wewe pukuchua, sisi tutaanika.”

“Mama, punje iliyopasuka hata ukiianika imeshaharibika. Yageuzeni, ya chini yaje juu. Nitarudi.”

Akaondoka, na hakudai hata pesa ya mafuta. Mzee, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimsindikiza mpaka langoni.

Nataka mkulima mwenzangu alielewe jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na kiwango hicho kina sababu yake. Mahindi mabichi yakifungwa guniani yanapata joto, kuvu inamea, na kuvu ile ndiyo inayoleta sumukuvu. Ukipika ugali sumu hiyo haitoki. Moto wa jikoni hauiwezi. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa kule Makueni, Kitui na wilaya jirani kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Tunapenda kudhani hayo ni mambo ya Ukambani, kwamba huku kwetu mahindi ni salama. Lakini huku ndiko tunakovuna mvua ikinyesha. Mnakumbuka mwisho wa 2023, mvua za El Niño zilipotukuta na mahindi yakiwa nje? Mwaka huo serikali ilinunua mashine 100 za kukaushia nafaka kwa sababu jua peke yake halikuwa la kutegemea. Kwa hiyo fundi anayekubali kupoteza kazi ya siku nzima ili mahindi ya mwenzake yasiingie guniani mabichi, mimi namheshimu sana. Angeweza kupiga akalipwa, na tusingejua hadi Machi.

Tuliyageuza kama alivyosema. Asubuhi tunayatandaza uani, wingu likitanda tunayafunika. Mama mkwe alinifundisha kipimo cha zamani ambacho nacho nakisifu kwa asiyekuwa na kifaa: unachukua chupa kavu yenye kifuniko, unatia punje na chumvi iliyokaushwa vizuri, unatikisa, unaiacha itulie kidogo. Chumvi ikigandia kwenye chupa, mahindi bado yako juu ya asilimia 15 hivi. Isipoganda, mwite fundi.

Aliporudi kifaa kilisoma asilimia 14.1 hata kwa masuke ya chini kabisa. Hapo ndipo aliposhusha mashine.

Sasa kazi yenyewe. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba haendeshi trekta kwa nguvu zote. Mafundi wengine wanakanyaga mafuta mpaka mashine inatetemeka, kwa kuwa wanalipwa kwa gunia na boma lingine linawangoja. Ukizungusha meno ya mashine kwa kasi mno, yanapasua punje. Huyu alianza polepole, akapitisha masuke machache, akachota punje kwenye mdomo wa kutokea, akaziangalia kiganjani, akapunguza mwendo tena, ndipo akawaambia vibarua walishe.

Msimu uliopita tulihudumiwa na mashine nyingine ambayo sitaitaja. Mwaka ule nilijaza gorogoro moja, ule mkebe wa kupimia nafaka, nikamwaga kwenye sinia na kuchagua punje zilizovunjika: zilijaa viganja vyangu viwili. Magunzi yalitoka yakiwa bado na punje kwenye ncha, na mama mkwe alikaa nayo jioni baada ya jioni akizitoa kwa kidole gumba, maana hawezi kuona chakula kikienda jikoni kuwa kuni. Mwaka huu nilifanya kipimo kilekile, gorogoro ileile, sinia ileile. Zilizovunjika hazikujaza hata kiganja kimoja. Magunzi yalitoka mekundu, safi, hayana kitu. Feni yake pia inapuliza vizuri. Makapi yanaruka mbali na punje zinaanguka karibu bila vumbi. Tulipepeta kidogo sana.

Punje nzima si urembo tu. Wadudu wa ghalani kama dumuzi na fukusi huingia kwa urahisi zaidi kwenye punje iliyopasuka, kuvu vilevile, na broka akiona vipande vingi ana sababu ya kukata bei papo hapo mbele ya gunia lako.

Jambo la pili, usalama. Ile shafti inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha mashine, yake imefunikwa kwa bomba la plastiki mwanzo hadi mwisho. Nimeona mashine nyingi huku ambazo shafti inazunguka wazi, watu wanaipita kwa hatua moja tu, na kila msimu tunasikia habari mbaya. Kabla ya kuwasha aliwaambia kina mama wote wafunge leso ndani ya sketi au wazivue kabisa, akaondoa watoto wote upande ule, na alipomwona kijana mmoja anasukuma masuke kwa mkono ndani ya mdomo wa mashine akazima trekta. Akazima kabisa. Akamwonyesha kijiti cha kusukumia, akangoja mpaka kimekubalika, ndipo akawasha tena. Hakupiga kelele wala kumwaibisha yule kijana.

Bei: shilingi 70 kwa gunia, na tulipata magunia 94, kwa hiyo tulimlipa 6,580 kwa M-Pesa. Kuna wa bei ya chini kidogo. Lakini angalia gunia linahesabiwaje. Wengine wanahesabu gunia linavyojazwa pale mashineni, limelegea, pengine kilo 75 au 80, na wewe unalipia kama gunia kamili. Mwisho wa siku umelipia magunia mengi kuliko unayoweka ghalani. Huyu alikubali tupime kwenye mizani yetu ya kuning'iniza, kilo 90, na yale yaliyopungua tukayajaza kabla ya kuhesabu. Hakununa.

Nisiyoyapenda sasa. Kwanza, mashine haikuja safi. Kulikuwa na punje za boma alikotoka zimekwama ndani, za manjano, na sisi tulipanda nyeupe tupu. Nilipomwomba asafishe alisafisha vizuri, alifungua kifuniko cha chini na kupitisha feni bila mahindi, lakini haifai mteja aombe. Wadudu husafiri kwa njia hiyohiyo kutoka ghala moja hadi lingine, na mtu anayejali unyevu hivi anapaswa kujali na hilo. Pili, simu. Hapokei akiwa kazini, jambo ninalolielewa, ila jioni pia hapigi. Tulikaa kwa wasiwasi siku ile ya kurudi hadi tuliposikia trekta ikipanda kutoka mtoni. Ujumbe mfupi tu ungetutuliza. Tatu, vumbi. Wasaidizi wake wawili walikuwa wamejifunga vitambaa usoni, sisi hatukuambiwa. Mwenye pumu nyumbani akae mbali, tena upande upepo unakotoka.

Kwenye kuhifadhi ndipo nilipozidi kuiona faida. Baada ya kupukuchua tulianika punje juu ya maturubai mpaka chumvi haikuganda hata chembe, tukayauza mengi, na chakula chetu tukakiweka kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, PICS. Wazo la mifuko hiyo lilitoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliokuwa wakifanya kazi na wakulima wa kunde Kamerun. Wadudu waliomo ndani wanamaliza hewa na kufa, huhitaji dawa ya unga. Lakini nailoni ya ndani ikitobolewa umeshapoteza, na kitu kinachoitoboa haraka ni kipande cha gunzi chenye ncha. Mahindi ya msimu uliopita yalikuwa na vipande hivyo tele, na mifuko kadhaa ilitoboka, tukakuta osama, yaani dumuzi, wameshageuza punje kuwa unga. Safari hii nilipitisha mkono ndani ya kila mfuko nikijaza na sikukutana na vipande. Nilifungua mmoja juzi. Punje zimekaa vilevile, hazina vumbi, hazina harufu, na unga wake ni mweupe na mtamu.

Mabroka walikuja tena Desemba. Mmoja aliingiza ile bomba yake ya kuchomea gunia, akamwaga punje kiganjani, akatafuna moja. Alianza na ule wimbo wao wa unyevu. Mama mkwe, yuleyule aliyekasirika Novemba, alimwambia, “Mwanangu, leta kifaa upime.” Hakuwa na kifaa. Tulimwambia bei yetu na akailipa.

Kwa anayetaka kumwita: mwekee nafasi mapema Oktoba, kabla hata hujavunja, kwa sababu Novemba ana foleni hadi Likuyani. Usimpigie, mtumie ujumbe wenye idadi ya ekari na mahali ulipo. Andaa maturubai mawili makubwa, mizani yako mwenyewe, sindano na kamba za kushonea, na vibarua sita wa kulisha na kubeba. Yeye anakuja na wawili. Tengeneza njia ya trekta kama mvua imenyesha, maana mashine ni nzito na ikikwama langoni siku imeisha. Mwambie asafishe mashine kabla ya kuwasha. Akipima akakuambia bado, mpe chai, umruhusu aende.